Kichwa Kikubwa cha Mtoto: Jinsi Madaktari wa Mbale na Kompyuta Zao Walivyojifunza Kuupima Ubongo

   Leo nataka nikusimulie historia. Sehemu yake kubwa ilitokea karibu nasi, upande wa pili wa Mlima Elgon. Lakini kabla ya kuvuka mlima, acha nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa muuguzi mpya, katika zahanati moja ambayo sitaitaja, mama mmoja aliniletea mtoto wa kiume wa miezi miwili apimwe uzito. Nilimweka kwenye mizani, nikaandika kwenye kadi, mstari ukapanda vizuri. Nikampongeza mama. Mwezi wa tatu mstari ukapanda tena, nikampongeza tena. Mwezi wa nne alikuja naye mama mkwe, mwanamke wa maneno machache. Akaniambia, "Sista, huyu mtoto kofia zote zimemkataa. Hata ile ya juzi imembana."

Nilipoivua kofia niliona nilichopaswa kukiona mapema. Utosi ulikuwa umevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mishipa ya kichwani ilikuwa imejitokeza. Macho yalitazama chini, weupe ukionekana juu ya mboni, kama jua linalotua. Sehemu ya uzito niliokuwa nikiusifu ilikuwa maji kichwani. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeweka mizani chini ya yule mtoto bila kumvua kofia.

Mtoto alipelekwa Mbale, akafanyiwa upasuaji, akapona. Sasa ana miaka tisa. Anatembea, anaimba, anajua majina ya ng'ombe wote wa babu yake. Shule inamlemea. Sijui kama miezi ile miwili ndiyo iliyomnyima masomo, wala hakuna mtu awezaye kuniambia. Lakini ndiyo sababu nimeifuatilia historia hii kwa makini kuliko historia nyingine yoyote ya kazi yangu.

Ugonjwa wenyewe ni upi? Wengi tunauita kichwa kikubwa, wengine husema kichwa maji. Hospitalini utasikia wakisema haidrosefali. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinne vidogo, na ndani yake hutengenezwa maji safi yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha yakanywewa na damu. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita kwa siku. Njia ya maji hayo ikizibwa, kwa kovu la ugonjwa au kwa sababu mtoto amezaliwa hivyo, yanajaa kama mto uliozibwa na magogo. Mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijashikana, kwa hiyo kichwa kinapanuka. Ubongo nao unasukumwa pembeni, unabanwa kwenye fuvu, unakuwa mwembamba.

Hapo utasikia maneno mengi kijijini. Mama amevunja mwiko. Kuna jirani mwenye jicho baya. Mume amesikia kwamba ukoo wa mkewe una laana. Mama, nimeketi na wanawake walioachwa kwa sababu ya kichwa cha mtoto, na nitakueleza hapa chini madaktari waligundua nini juu ya chanzo chake, ili ukisikia maneno hayo uwe na la kujibu.

Tatizo la kwanza la madaktari lilikuwa kwamba ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona mfupa uliovunjika bila kupasua ngozi. Lakini eksirei ya kichwa huonyesha fuvu, na ubongo na maji yake hutokea kama ukungu tu. Mwaka 1918 daktari mmoja wa upasuaji wa Baltimore, Marekani, aitwaye Walter Dandy, alipata ujanja. Alichukua watoto wenye kichwa kikubwa, akapitisha sindano kwenye utosi, akatoa maji kidogo, akaingiza hewa mahali pake. Hewa huonekana nyeusi kwenye eksirei, hivyo akaweza kuona umbo la vyumba vya ubongo. Ulikuwa uchunguzi wenye maumivu na hatari, lakini kwa zaidi ya miaka 50 njia za namna hiyo ndizo zilizotumika.

Mabadiliko yalianzia Afrika kwa kiasi fulani, ingawa wengi hawajui. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa mtaalamu wa fizikia mjini Cape Town. Mwaka 1956 aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur, na huko akaanza kujiuliza kama hesabu zingeweza kuunganisha miale mingi ya eksirei inayopita mwilini kutoka pande mbalimbali. Akaandika hesabu hizo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield, aliyeajiriwa na kampuni ya EMI iliyojulikana zaidi kwa kutengeneza santuri za muziki, alifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe na kuunda mashine. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo alilazwa chini ya mashine hiyo, na uvimbe ukaonekana bila sindano wala kisu. Hiyo ndiyo skani ya CT. Cormack na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel pamoja mwaka 1979.

Skani ya CT huonyesha kichwa vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Baadaye ikaja mashine ya MRI, inayotumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio badala ya miale ya eksirei, nayo huuonyesha ubongo wenyewe kwa undani zaidi. Kila mashine ina kazi yake. CT ni ya haraka, na fuvu, damu na maji huonekana upesi, ila inatumia miale ambayo hatupendi kumrudishia mtoto mara kwa mara. MRI haina miale hiyo, lakini ni ghali, ni ya polepole, na mtoto anatakiwa kutulia tuli. Mama, wewe unajua mtoto wa miezi mitano anavyotulia.

Sasa tuvuke mlima. Mbale iko karibu nasi kuliko Nairobi. Wabukusu na Wamasaba wanasikilizana wakizungumza, Wasabaoti wana ndugu zao kule Sebei, na kila wiki kuna akina mama wanaovuka Lwakhakha, Malaba au Suam kwenda sokoni na kurudi. Mwaka 2000 daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alihamia Mbale na mkewe na watoto wao sita. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa huko mwaka 2001. Watoto wenye vichwa vikubwa walianza kuletwa, wengine wakiwa wamebebwa kutoka mbali sana, na kwa wingi ambao daktari huyo hakuwa amewahi kuuona.

Dawa ya ugonjwa huu kwa miaka mingi ilikuwa mrija uitwao shanti. Mrija huo huwekwa chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni ili maji ya ziada yateremke. Umeokoa maisha ya watoto wengi duniani na bado unatumika. Lakini mirija huziba, na mingi huziba ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ukiwa unaishi dakika 20 kutoka hospitali kubwa, mrija ukiziba utakimbia. Ukiwa unaishi Kaptama au juu kule Chepyuk, mvua imekata barabara na ni saa nane za usiku, je? Mtoto anaweza kufa kabla ya mapambazuko.

Warf akarudi kwenye mbinu za zamani ambazo wengi walikuwa wameziacha, nyingine zikitokana na Dandy yuleyule. Kwa kamera nyembamba iliyopitishwa kwenye utosi alitoboa tundu dogo kwenye sakafu ya chumba kimoja cha ubongo ili maji yapate njia mpya, kisha akachoma sehemu ya tishu inayotengeneza maji hayo. Hakuna mrija unaobaki mwilini, hivyo hakuna wa kuziba. Mwaka 2005 alichapisha matokeo. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, karibu wawili kati ya watatu waliofanyiwa njia zote mbili kwa pamoja walifanikiwa bila kuwekewa mrija. Madaktari wa Uganda walijifunza kazi hiyo. Warf aliporudi Marekani mwaka 2006, Dkt. John Mugamba na wenzake waliendelea nayo, na madaktari kutoka nchi nyingine wakaja Mbale kufundishwa.

Sasa lile jambo la chanzo. Warf alipochunguza historia za watoto 300 wa mwanzo, alikuta kwamba 60 kati ya kila 100 walipata ugonjwa huu baada ya maambukizi. Walizaliwa vizuri, kisha wakashikwa na homa, wakakataa ziwa, wengine wakapata degedege, na majuma kadhaa baadaye kichwa kikaanza kukua. Karibu robo tatu ya maambukizi hayo yalitokea mwezi wa kwanza wa maisha. Huko Marekani picha ni tofauti. Watoto wengi wa huko wenye ugonjwa huu ni wale waliozaliwa kabla ya wakati wakatokwa na damu ubongoni, au waliozaliwa na mgongo wazi. Kwetu, kidudu kiliingia kichwani mwa mtoto mchanga mwenye afya.

Kidudu gani? Swali hilo lilimsumbua mtaalamu mwingine wa ubongo kutoka Marekani, Steven Schiff. Walipooanisha rekodi za Mbale na vipimo vya mvua kutoka setilaiti, mwaka 2012 walionyesha kwamba watoto hawa huongezeka katika vipindi vya mvua ya wastani, si wakati wa kiangazi kikali wala wakati wa masika makubwa. Kitu fulani katika mazingira kilikuwa kinahusika. Mwaka 2020, baada ya kuchunguza maji ya ubongo ya watoto 100 kwa kusoma vinasaba, walikitaja: bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambao kabla ya hapo hawakuwa wakidhaniwa kuwa adui wa watoto wachanga. Ni wa ukoo wa bakteria wanaoishi kwenye udongo na maji. Baadhi ya watoto walikuwa na kirusi pia pamoja na bakteria huyo. Kwa hiyo, mama, mtu akikuambia habari ya laana, mwambie kidudu kina jina, na kilikamatwa na watu wa Mbale.

Hadi hapa unaweza kuuliza kompyuta zimeingilia wapi. Ziliingia kwa sababu ya swali moja gumu: upasuaji upi unamsaidia mtoto zaidi, ule wa mrija au ule wa kamera? Kati ya mwaka 2013 na miaka iliyofuata, madaktari wa Mbale na wenzao wa ng'ambo walilifanyia utafiti. Watoto 100 wa chini ya miezi sita, wote wakiwa wamepata kichwa kikubwa baada ya maambukizi, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa uelewa na kwa ukubwa wa ubongo.

Ukubwa wa ubongo. Hapo ndipo penye kazi. Zamani daktari aliangalia skani na kusema, "Maji yamepungua, vizuri," au "Maji ni mengi, vibaya." Aliyapima maji. Kundi hili lilikuwa limeanza kuuliza, ubongo wenyewe uliobaki ni kiasi gani, na unakua? Kwa maana waligundua kwamba ukubwa wa ubongo unaeleza uelewa wa mtoto vizuri kuliko wingi wa maji. Mtoto anaweza kubaki na maji mengi na bado akajifunza kuzungumza, kama ubongo wake unakua. Mimi nilipolisoma hilo nilifikiria mizani yangu. Na mimi nilikuwa nimepima kitu rahisi kupima.

Kuupima ubongo kwenye skani si rahisi. Kila skani ina vipande vingi. Mtaalamu huketi na kuchora kipande kimoja kimoja: huu ubongo, haya maji, hii damu iliyovuja kati ya ubongo na fuvu baada ya upasuaji. Skani moja humla saa nyingi. Watoto ni wengi, na kila mmoja anarudi kupimwa mara kadhaa. Zaidi ya hayo, vichwa hivi havifanani na vile vya vitabuni. Programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa ubongo wa kawaida zilichanganyikiwa zilipokutana na ubongo mwembamba uliobanwa ukutani.

Basi wahandisi wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na Mbale, walitumia njia ya kuifundisha kompyuta kwa mifano. Leo watu huziita kazi za namna hii akili mnemba. Fikiria unavyomfundisha binti yako kuchambua maharagwe. Humpi kitabu chenye kanuni. Unamwekea ungo mbele, unamwonyesha: hili zima, hili limetobolewa na mdudu, hili ni jiwe. Baada ya ungo kadhaa mikono yake inajua, hata kama hawezi kukueleza ameyajuaje. Kompyuta nayo ilipewa skani za watoto wa Mbale ambazo mtaalamu alikuwa amekwisha kuzichora, nukta kwa nukta, ikajifunza kutenganisha ubongo, maji na damu. Kisha ikapewa skani ambazo haijawahi kuziona, na kazi yake ikalinganishwa na ya mtaalamu. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018, na ilionyesha kwamba kompyuta iliyofundishwa kwa vichwa vyetu hufanya vizuri kuliko ile iliyozoea vichwa vya kawaida.

Warf, Schiff na wenzao walichapisha pia mstari wa ukuaji wa ubongo, unaofanana na ule mstari wa uzito ulio kwenye kadi yako ya kliniki. Waliutengeneza kutokana na picha za MRI za watoto wenye afya. Kwa hiyo ubongo wa mtoto wa Mbale, uliopimwa kwa CT, unaweza kuwekwa kwenye mstari uliotoka kwenye MRI, picha za mashine mbili zikasaidiana kueleza kama mtoto yuko nyuma kwa kiasi gani. Nina neno moja tu hapo: watoto wenye afya waliotumika walikuwa wa Marekani. Ningependa kuona siku moja mstari uliotokana na watoto wa Kiminini na Budadiri.

Na mstari huo ulisema nini? Watoto wale 100 walipofuatiliwa hadi miaka miwili, ilionekana kwamba ubongo ulikua kwa bidii miezi ya mwanzo baada ya upasuaji. Kisha, kwa wengi, ukuaji ukafifia na wakaachwa nyuma, awe alifanyiwa kwa mrija au kwa kamera. Habari hii iliwahuzunisha waliofanya utafiti, na mimi pia. Upasuaji huondoa shinikizo, lakini hauwezi kurudisha kile ambacho maambukizi yalikwisha kukiharibu.

Sasa kuna kisa kimoja ambacho kila ninayemsikia akisifu kompyuta huwa namsimulia. MRI kubwa za hospitali ni ghali mno, kwa hiyo wataalamu walianza kutengeneza MRI ndogo za sumaku dhaifu. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Dkt. Johnes Obungoloch na wenzake kutoka Uholanzi na Marekani waliunganisha mashine ya namna hiyo palepale chuoni kwa muda usiozidi majuma mawili. Sumaku yake ni dhaifu takriban mara 30 kuliko ya MRI nyingi za hospitali kubwa. Ubaya wake ni kwamba picha hutoka na ukungu. Basi watu wakasema, kompyuta iliyofundishwa si inaweza kuisafisha picha ikawa nzuri?

Wataalamu wa kundi hilohilo la Mbale na Marekani walilijaribu swali hilo na kuchapisha majibu mwaka 2021. Walichukua skani nzuri za watoto wenye kichwa kikubwa, wakaziharibu makusudi ziwe na ukungu, nyingine wakazisafisha tena kwa kompyuta, kisha wakawaonyesha madaktari wazoefu na kuwauliza kama zingewatosha kupanga matibabu. Waligundua mambo mawili. Kwanza, picha mbaya ambazo kwa kawaida daktari angezikataa mara nyingi zilitosha. Pili, zile zilizosafishwa zilipendeza macho, lakini baadhi yake zilikuwa na makosa. Kompyuta ilikuwa imechora kitu ambacho hakikuwa hivyo kichwani mwa mtoto.

Unamkumbuka yule fundi wa picha mjini, ambaye ulimpelekea picha ya marehemu baba iliyoliwa na ukungu? Alikurudishia picha safi, baba amevaa tai, macho mawili yamekaa sawasawa. Jicho moja lilikuwa limeshaliwa na ukungu, fundi akalichora kutokana na macho ya watu wengine aliowahi kuwaona. Ukutani haina shida. Lakini daktari akifuata jicho la kubuni kwa kisu, ni hatari. Ndiyo maana watafiti hao walipendekeza kwamba ni afadhali picha yenye ukungu isiyodanganya. Nawaheshimu kwa kuandika hivyo, kwa sababu ingekuwa rahisi kusifu mashine yao na kunyamaza.

Sasa mama, tuje nyumbani kwako. Mtoto aliyezaliwa baada ya miezi tisa kamili huwa na kichwa chenye mzunguko wa karibu sentimita 35. Miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimita 2 kila mwezi, mitatu inayofuata kama sentimita 1, kisha karibu nusu sentimita kila mwezi hadi afikishe mwaka. Utepe wa fundi wa nguo unatosha. Pitisha juu ya nyusi na nyuma mahali kichwa kinapotokeza zaidi, uandike tarehe na kipimo. Ukija kliniki na mtoto akapimwa uzito tu, tuombe tupime na kichwa. Hutatuudhi. Mimi ningefurahi kama yule mama angeniomba.

Usingoje utepe kama unaona utosi umevimba mtoto akiwa ametulia na ameketishwa wima, macho yanatazama chini kila wakati, anatapika bila sababu, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, au shingo iliyokuwa imekaza imelegea tena. Mlete siku hiyohiyo. Kabla utosi haujafunga, altrasaundi, mashine ya aina ileile uliyopimwa nayo mimba, inaweza kuchungulia kupitia hapo utosini bila miale na kuona kama maji yamejaa. CT au MRI itafuata kama daktari ataona inahitajika.

Na tukumbuke ule mwezi wa kwanza. Chanjo zetu zinazozuia homa ya uti wa mgongo, ile ya Hib iliyoanza Kenya mwaka 2001 na ile ya nyumokokasi iliyoanza 2011, hutolewa kuanzia wiki ya sita. Ni muhimu sana, usikose hata moja. Lakini maambukizi mengi yaliyoonekana Mbale yalitokea kabla ya wiki hiyo. Katika majuma hayo sita mtoto yuko mikononi mwako na mwa nyanya yake. Jifungulie hospitalini. Kitovu kisipakwe majivu, mate wala kinyesi cha ng'ombe. Kibaki safi na kikavu, au kipakwe dawa uliyopewa kliniki tu. Nawa mikono kabla ya kumbeba, hasa ukitoka kupalilia. Mtoto mchanga akikataa ziwa, akiwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, akipumua haraka, akilegea au akishikwa na degedege, usimngoje apoe hadi asubuhi. Na akipona homa ya namna hiyo, mpime kichwa kila wiki kwa miezi mitatu.

Ukiwa mjamzito au unapanga kupata mimba, tumia foliki asidi unayopewa kliniki, maana hupunguza hatari ya mgongo wazi, ambao mara nyingi huja pamoja na kichwa kikubwa. Tangu 2012 unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti unatakiwa kisheria kuongezwa virutubisho, foliki asidi ikiwemo. Unga tunaojisagia wenyewe kwenye kinu cha kijijini hauna nyongeza hiyo, na hapa Trans Nzoia, kwenye mahindi yetu, wengi wetu tunakula huo.

Ukipewa rufaa, iwe Kitale, Hospitali ya Moi ya Eldoret, Kijabe au Mbale, uliza kabla ya kuondoka karatasi zipi zinatakiwa na malipo yatafanywaje. Kama unavuka mpaka, beba kitambulisho chako na kadi ya kliniki ya mtoto. Na picha za skani, hata zile za zamani unazodhani hazina kazi, usiziache juu ya kabati. Ziweke kwenye bahasha kavu pamoja na ile karatasi ya vipimo vya utepe. Daktari atakayempokea mtoto atazipanga mezani kwa tarehe, ya kwanza hadi ya mwisho, aone ubongo umekua kiasi gani.